Mtandao Haukai Mawinguni, Uko Chini ya Maji Yetu

Mhariri,

Nina kijiduka cha kompyuta hapa Majengo, Mombasa. Watu bado wanakiita saiba, ingawa siku hizi kazi yake kubwa ni kuprinti, kuskani vyeti na kuwajazia wazee fomu za serikali. Gazeti lenu hulipata kila asubuhi, kwa kawaida baada ya wateja wawili watatu kulipekua na kuniachia limekunjwa ovyo. Huanza na habari za sayansi na teknolojia, na hizo ndizo zilizonifanya nichukue kalamu.

Habari hizo hutufikia kama mvua ya mbali. Leo bwana fulani wa Marekani kazindua hiki, kesho kampuni ya Uchina imetoa kile, bei yake dola kadhaa, picha kubwa, basi. Kitu chenyewe kinafanyaje kazi hatuambiwi. Kinapita njia gani mpaka kikamfikia mtu wa Majengo, hatuambiwi vilevile. Na pale mwandishi anaponyamaza, mjumbe wa WhatsApp huchukua zamu.

Nitawapa mfano. Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 alikuja dukani kijana baharia. Alikuwa amepata fununu ya kazi ya meli huko Ghuba, na wakala alitaka vyeti vyake vyote kabla ya saa kumi. Tukaviskani vizuri, kurasa kumi na moja, tukabonyeza kutuma. Kale kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka mpaka kijana akatoka kwenda kunywa chai, akarudi, bado kanazunguka. Nikaipigia simu kampuni inayoniuzia mtandao. Binti mpole akaniambia nizime kile kisanduku cha waifai, nihesabu mpaka thelathini, niwashe tena. Nilizima na kuwasha mara saba. Mara ya saba sikuhesabu, nilisema maneno mengine.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri cheti chake cha tabia njema akachungulia nje, akatikisa kichwa: “Leo mawingu mangi, mwanangu. Huo mtandao utapita wapi?”

Sikumcheka, na ninyi msimcheke. Nani aliyewahi kumweleza vingine? Sisi wenyewe tunasema picha zimehifadhiwa “kwenye wingu”, kisha twashangaa mzee akitazama mawingu.

Ukweli ni kwamba siku moja kabla, yaani Jumapili tarehe 12, nyaya mbili za baharini zinazobeba mtandao, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kusini huko, si mbali na Durban, Afrika Kusini. Ni karibu kilomita 3,000 kutoka hapa nilipokaa. Lakini kukatika kwa waya Durban kunamhusu nini mtu anayetuma barua pepe Ghuba, ambako ni kaskazini? Swali hilo ndilo nililotaka gazeti linijibu wiki ile, na jibu nililitafuta mwenyewe kwa usiku mbili. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha. Mwezi wa Februari mwaka huohuo, meli iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, mabaharia wakaiacha, ikawa inaelea huku imeteremsha nanga, mpaka ikazama mwanzoni mwa Machi. Katika siku hizo nyaya za Bahari ya Shamu zilikatika, Seacom ikiwemo, na inayoshukiwa ni nanga hiyo iliyokuwa ikiburutwa chini. Mizigo mingi ya mtandao ikageuzwa kuzungukia kusini. Kisha kusini nako kukakatika. Ni sawa na mtu aliyefungiwa daraja la Nyali akaamua kwenda kuvukia Likoni, akafika akakuta feri zimelala.

Waya wenyewe, kwa asiyejua, si mkubwa. Sehemu ya kina kirefu una unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kinachopita ndani ya kioo hicho ni mwanga. Ukikaribia pwani unavishwa chuma juu ya chuma kwa sababu ya nanga na nyavu, maana hao ndio maadui wake wakubwa. Papa anasingiziwa tu. Kila baada ya makumi ya kilomita pana chombo cha kuupa mwanga nguvu upya, nacho hula umeme unaoletwa na waya huohuo kutoka nchi kavu. Ukikatika, meli maalumu huenda na kulabu, ikaukokota ncha moja kutoka chini, ikaupandisha, fundi akaunga kioo kwa kioo kwa moto mdogo, kisha wakautosa tena. Kazi ya kushona hasa, ila mshonaji anayumbishwa na mawimbi. Zaidi ya asilimia 95 ya habari zinazovuka kutoka bara moja hadi jingine hupita humo.

Na zinatua hapa! Juni 2009 marehemu Rais Kibaki alikuja Mombasa kuupokea waya wa TEAMS, uliotoka Fujairah huko Falme za Kiarabu. Julai ikafuata Seacom. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea satelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000, na sisi tuliokuwa na saiba enzi hizo twakumbuka mteja akilipishwa kwa dakika huku ukurasa ukifunguka kama mlango wenye kutu. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1890, kabla reli ya Uganda haijalazwa hata pau moja, Mombasa ilikuwa imeshafungwa waya wa telegrafu chini ya bahari mpaka Unguja. Kwa hiyo mambo haya kwetu si mageni. Watanzania wameupa waya huu jina zuri, mkongo, na nashangaa sisi tumeliacha likatupita.

Najua atatokea msomaji aseme hayo yote yamepitwa, siku hizi ni Starlink, imeingia Kenya tangu Julai 2023, sahani juu ya paa na mambo yamekwisha. Jirani yangu anayo na sina wivu nayo sana. Satelaiti zile ziko chini zaidi, kama kilomita 550 hivi, ndiyo maana zinajibu haraka kuliko zile za zamani. Lakini mazungumzo yake nayo lazima yateremke kwenye kituo fulani ardhini, na kutoka hapo yaingie kwenye waya kama ya kwangu. Mbingu ni daraja tu.

Kuhusu akili unde, yaani AI, ile programu ya kompyuta inayojibu maswali kama mtu, sitasema mengi, maana kila mtu anasema. (Wenzetu wa Tanzania wanaiita akili mnemba. Tukubaliane kwanza jina, halafu ndio tuogope.) Niliijaribu dukani mbele ya mvuvi mmoja wa hapa mtaani. Nikaiuliza, kwa Kiswahili, maji mafu ni nini. Ikanijibu kwa adabu nyingi kwamba ni maji yasiyo na uhai ndani yake, yaliyochafuliwa. Mvuvi akacheka mpaka akashika meza. Mtoto yeyote wa mvuvi anajua maji mafu ni siku zile za mwezi nusu, bahari haijai sana wala haikupwi sana, kinyume cha bamvua. Kilichonigusa mimi si kosa lenyewe. Ni kwamba swali langu lilitoka Majengo, likashuka chini ya bahari ileile, likaenda mpaka kwenye ghala la mashine nchi za watu, likarudi na jibu bovu kuhusu bahari liliyoipita.

Mfano wa mwisho ni wa mwezi. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na sisi tulikuwa mahali pazuri kabisa pa kuutazama. Gazeti moja, silitaji, lilitoa habari hiyo na saa za London. Msomaji ajipigie hesabu! Kumbe ingetosha kuandika kwamba utafunikwa wote tangu saa mbili na nusu usiku mpaka saa nne kasoro dakika chache. Jioni hiyo simu yangu ilipokea mara tano ule ujumbe wa kila mwaka, kwamba tuzime simu usiku kwa sababu miale hatari inapita karibu na dunia, tena eti wamethibitisha wakubwa wa Marekani. Mama mkwe wangu akazima yake na kuitia kwenye sufuria. Nilimwambia, “Mama, ni kivuli cha dunia tu kimeuangukia mwezi, sisi ndio tumesimama katikati ya jua na mwezi.” Akaniuliza kama nimesoma hayo gazetini. Nikakosa jibu. Wengine walikwenda misikitini kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi, wengine tukateremka ufukweni Mama Ngina na mihogo yetu tukautazama ukigeuka rangi ya shaba. Na wavuvi waliokuwepo hawakuhitaji gazeti kujua kwamba mwezi mpevu maana yake bamvua.

Ombi langu basi ni dogo. Kila mkichapa habari ya kitu kipya, mumpe mwandishi mistari mitano ya ziada: kinafanyaje kazi, na hapa kwetu kinagusa wapi. Mumtume nje ya ofisi. Wapo hapa mafundi wanaoyajua haya, wapo walimu wa fizikia, wapo manahodha. Hawajaulizwa.

Na mkiamua kuanza na nyaya, mwandishi wenu aje siku za bamvua, asubuhi maji yakiwa yamekupwa, tutembee mpaka karibu na mwamba. Waya hatauona, umezikwa, lakini ataona upande unakotokea. Avae viatu vigumu, mawe yana miiba.

Yule baharia aliipata kazi, lakini si ile. Ile ya saa kumi ilikwenda kwa mtu mwingine.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa