Bima ilipie oksijeni ya nyumbani, isitegemee kipimo cha kidoleni peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaopanga kitita cha mafao cha Bima ya Afya kwa Wote. Sheria ya mwaka 2023 tunayo. Kinachoniumiza kichwa ni kipi kitalipwa na kipi hakitalipwa.

Mke wangu ana mapafu mabovu. Aliugua kifua kikuu usichanani akapona, kisha akapikia kuni miaka mingi. Akilazwa, bima yetu hulipia oksijeni bila maneno. Akiruhusiwa, mrija unatolewa puani, na karatasi ya daktari inayosema aendelee na oksijeni nyumbani inagonga mwamba dirishani: mashine ya nyumbani haimo kwenye kitita. Kile kidude cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni damuni, nacho hakimo. Basi anakaa nyumbani mpaka midomo inabadilika rangi, tunarudi wodini, na bima inalipia kitanda, dawa na oksijeni ileile iliyoikataa. Nimefundisha hisabati hadi nastaafu, na hesabu hii bado inanishinda.

Mashine tumeinunua kwa michango ya watoto. Ni ya lita 5 kwa dakika, inakula kama wati 350. Daktari ameagiza saa 15 kwa siku, wala hakujitungia: tafiti za Marekani na Uingereza zilizotoka 1980 na 1981 zilionyesha kuwa wagonjwa wa mapafu wenye oksijeni kidogo sana damuni huishi zaidi wakiipata kwa saa nyingi. Piga hesabu mwenyewe: yuniti zaidi ya 150 kwa mwezi, taa hujawasha. Ile bei nafuu ya wasiozidi yuniti 75 tumeshaiaga. Umeme ukikatika tunahamia kwenye mtungi mdogo, macho yote kwenye geji.

Marekani, bima ya serikali ya wazee, Medicare, inalipia oksijeni ya nyumbani. Mgonjwa huchangia asilimia 20, jambo ambalo kwa wastaafu wetu silitaki, lakini kanuni yenyewe inaeleweka. Kiwango cha oksijeni damuni kikiwa asilimia 88 au chini akiwa ametulia, anastahili. Kikiwa 89, lazima kuwe na dalili nyingine, kama moyo kuelemewa au miguu kuvimba. Mashine inakodishwa kwa miezi 36, kisha mwenye mashine anaendelea kumhudumia mgonjwa mpaka itimie miaka 5.

Sasa tusije tukainakili hiyo 88 kichwakichwa. Kidude cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na kwa ngozi nyeusi mara nyingine kinasoma juu kuliko ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha kipimo cha kidoleni na kile cha damu iliyochotwa kwenye ateri, chenye uhakika zaidi: kidole kiliposoma kati ya 92 na 96, wagonjwa weusi 11.7 kati ya 100 walikuwa kumbe wako chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa 3.6. Weka vidole baridi juu ya hapo, au rangi ya kucha. Muuguzi mmoja humpikicha mke wangu kidole kwanza mpaka kipate joto, ndipo anakibana, anasubiri namba iache kurukaruka, halafu anaandika. Mwingine anabana, anaandika, anaondoka. Kwa huyo wa pili, mgonjwa anaweza kukosa haki yake kwa namba moja.

Ombi langu: kidole kikisoma juu ya 88 huku mgonjwa anahema, bima ilipie kipimo cha damu ya ateri kabla ya kumwandikia kuwa hastahili. Mashine zikodishwe, maana si kila mtu ana watoto wa kuchanga. Na kidude cha kidoleni kitolewe pamoja na mashine, kina maelekezo ya Kiswahili, ili sisi tunaokesha naye tujue lini twende hospitali na lini tumwache alale.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro