Baraza yetu ya Sokomuhogo

Mkunazini, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaikum. Barua yako ya kutoka Maskati imenifika, nami naanza na ulilouliza mwisho, kama baraza yetu bado ipo. Baraza yetu ya Sokomuhogo, kile kikalio cha mawe mbele ya nyumba, ipo, ila imetiwa saruji, na jambo hili limenikera sana.

Unaukumbuka ule ufa tuliokuwa tukificha gololi? Mwenye nyumba aliita fundi, fundi akaja na mfuko wa saruji, jioni baraza ikawa laini na ya kijivu. Haikupita masika ya pili. Juzi nimekaa pale nikapitisha mkono inapoungana na ukuta: plasta inabanduka vipande, na nyuma yake jiwe linamong'onyoka kama kashata iliyoingia unyevu. Mawe yetu ya matumbawe hunywa maji, na chokaa huyaacha maji yatoke. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi, jiwe likaoza taratibu. Mafundi wazee wanalijua hilo. Lakini chokaa inataka kulowekwa na kusubiriwa, na saruji iko kila duka.

Na Mji Mkongwe wetu huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000! Likitajwa neno urithi, watu hufikiria milango ya nakshi na jumba la Beit el-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Baraza hawaitaji. Nayo ndiyo tunayokalia sote, na mvua zikijaza vichochoro ndiyo tunayopita juu yake tusilowe miguu. Kule Kiponda kuna nyumba wamepanga vyungu vya maua baraza nzima ili watu wasikae. Nilimkuta mzee ameegemea ukuta anahema, hana pa kuketi. Moyo uliniuma.

Jaws Corner, alhamdulillahi, ni ile ile: dele la kahawa, dhumna, na ubishi wa siasa.

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu kuona sanamu za watumwa pale kanisani Mkunazini, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Watu watano wamo shimoni, shingoni wana minyororo ya kweli ya enzi zile. Ukisimama unawatazama kwa juu. Mtoto alichuchumaa ukingoni mpaka macho yake yakawakaribia, akanyamaza muda mrefu. Tulipotoka akasema amechoka, tukakaa kwenye baraza ya nyumba tusiyoijua. Mama mmoja alifungua mlango, akatuamkia, akatuletea maji.

Nimezungumza na mwenye nyumba wa Sokomuhogo. Amekubali saruji ibanduliwe, na fundi wa chokaa atakuja masika yakimalizika. Wana mtaa tunachangishana. Ukijaaliwa chochote, mpe yeyote anayekuja huku. Nawe njoo Ramadhani, baada ya tarawehe tuikalie.

Nisalimie watoto na mama yao.

Wako,
Mwenzako wa gololi