Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: habari za gulio tuzipate kabla ya rangi nyekundu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Yah: Kuhamishwa kwa gulio, na namna taarifa za Halmashauri zinavyowafikia wananchi

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni muuza maharage na mbaazi katika gulio la mji wetu mdogo, mahali pale pale ambapo mama yangu alitandika turubai lake kabla yangu. Jumatano mbili zilizopita tulipofika alfajiri kushusha magunia, tulikuta nguzo za vibanda vya safu ya nafaka na safu ya mitumba zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, kwani mwenzangu mmoja aliondoka nayo begani. Hapakuwa na karatasi iliyobandikwa wala kiongozi wa kutueleza. Aliyetujuza ni kijana anayekusanya ushuru, ambaye huku akimkatia kila mmoja wetu stakabadhi yake alisema kwamba gulio linahamia eneo jipya ng'ambo ya daraja, na kwamba jambo hilo lilikwisha kupita kwenye vikao vyote. Namshukuru kijana huyo kwa uungwana wake, lakini sidhani kama kazi ya kutangaza maamuzi ya Halmashauri ndiyo aliyoajiriwa kuifanya.

Niseme mapema kwamba sipingi gulio kuhamishwa. Kila anayefanya biashara pale anajua kwamba eneo limetuzidi: malori ya viazi yanaegeshwa hadi barabarani, wakati wa masika tunauza tukiwa tumesimama kwenye matope, na choo kilichopo sitakieleza katika barua ambayo huenda ikasomwa wakati wa chakula. Kama mngetuuliza, wengi wetu tungekubali kuhama, ila tungekuwa na maswali ambayo mtu wa ofisini hawezi kuyawaza kwa sababu hajawahi kubeba mkungu wa ndizi kichwani tangu stendi hadi sokoni. Je, magari ya abiria yatashusha watu huko kwenye eneo jipya au yataendelea kuishia mjini, ili kila mwenye mzigo alipe bodaboda mara mbili? Maji yatatoka wapi, ilhali mama lishe hawezi kupika bila maji? Vizimba vitagawiwa kwa utaratibu gani, na wale waliojenga vibanda kwa fedha zao, wengine kwa mkopo ambao haujaisha, watahesabiwaje? Na wanaokuja na debe moja la nyanya mara mbili kwa mwezi, ambao hawana kizimba wala jina kwenye daftari lolote, lakini ndio wanaolifanya gulio liwe gulio, watakaa upande gani?

Nilipokwenda ofisi ya kijiji kuuliza (kwa maana tunajiita mji, lakini kwa makaratasi sisi bado ni kijiji), nilionyeshwa muhtasari wa mkutano unaosema kwamba wananchi walishirikishwa na wakaridhia. Karatasi ya mahudhurio imeambatishwa, yenye majina na sahihi. Nimeisoma yote. Mkutano huo uliitishwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Ndugu Mkurugenzi, Jumatano saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo wanunuzi wa kutoka mbali wanafika na malori yao, na hakuna mfanyabiashara wa mji huu, hata awe na mapenzi makubwa kiasi gani na maendeleo, atakayeacha mzigo wake chini ya jua ili akakae kwenye benchi la shule ya msingi. Kuitisha mkutano wa kuzungumzia gulio wakati gulio lenyewe limechangamka ni sawa na kuwaita wakulima mkutanoni siku ambayo mvua ya kwanza ya kupandia imeanguka. Sitaki kuamini kwamba siku ile ilichaguliwa kwa makusudi. Naamini aliyeipanga hakutazama kalenda yetu, na hilo nalo linanisumbua, kwa kuwa kalenda yetu ina siku moja tu ya kukumbuka.

Wewe unazijua sheria kuliko mimi, hata hivyo nami nimezisoma, kwa hiyo niruhusu nizitaje. Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaanza kwa kusema kwamba madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3. Wazee wetu wanakumbuka kwamba halmashauri zilifutwa mwaka 1972, utawala ukawekwa mikononi mwa watendaji wa mikoa na wilaya, na kwamba sheria za mwaka 1982 zilizozirudisha, zikaanza kazi mwaka 1984, zilitungwa baada ya kuonekana kwamba mipango inayopangwa bila wenyeji haiendi mbali. Halmashauri iliyorudishwa kwa sababu hiyo haipaswi kututangazia mambo kwa brashi ya rangi.

Yapo mambo madogo yanayoonyesha ukubwa wa tatizo. Ubao wa matangazo wa kata una kioo na kufuli, jambo zuri, isipokuwa ufunguo unakaa na mtumishi mmoja, na akiwa likizo ubao nao unakwenda likizo. Mara ya mwisho nilipoupitia, tangazo jipya kuliko yote lilikuwa la nafasi za kazi ambazo muda wake wa kuomba ulikuwa umepita kwa zaidi ya mwaka. Matangazo mapya yapo, ila yanabandikwa makao makuu ya wilaya, ambako nauli ya kwenda na kurudi inamaliza faida ya siku nzima ya mtu anayeuza mboga. Wakati huohuo, muuza dawa ya panya na kunguni anayekuja kila Jumatano na kipaza sauti chake mgongoni anasikika kuanzia stendi hadi machinjioni, na hakuna mtoto wa mji huu asiyejua bei zake. Kama yeye ameweza kutufikia kwa betri moja, Halmashauri yenye idara na vitengo haiwezi kukosa njia.

Tazama pia habari ya ushuru. Siku hizi hatuandikiwi tena stakabadhi kwa mkono, bali mashine inatoa karatasi papo hapo na hesabu inakwenda moja kwa moja kwenye mfumo. Maana yake ni kwamba jioni ya kila Jumatano Halmashauri inajua hadi shilingi ya mwisho gulio letu limeingiza kiasi gani, na sisi tuliolipa hatujui. Hakuna gharama yoyote kuiandika jumla hiyo kwa chaki kwenye ubao wa lango la kuingilia, na mwisho wa robo mwaka kuandika chini yake kiasi kilichorudi kufanya usafi, kukarabati choo na kulipa walinzi. Ninaamini hata wale wanaopenda kujificha nyuma ya malori wasilipe wangeona haya wakiiona namba hiyo imeandikwa mbele ya wenzao. Ni maoni yangu, lakini nimekaa gulioni muda mrefu kiasi cha kumjua mkwepa ushuru kwa mwendo wake.

Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliposimamishwa Aprili 2023 tulijua haraka kwa sababu redio zilisema. Iliporejeshwa mwaka uliofuata, kikundi chetu kilipata taarifa wakati vikundi vingine vimekwisha kujaza fomu.

Haki inanilazimu niseme na upande wetu. Mikutano mingi inayoitishwa siku nyingine, siku ambazo tuna nafasi, haitimizi akidi. Tunalalamika kijiweni, tunalalamika kwenye kinyozi, kisha jioni ya mkutano tunabaki nyumbani tukisema watakwenda wengine. Mimi mwenyewe mkutano wa mwisho wa mwaka jana sikwenda, nilikuwa napepeta maharage ambayo yangeweza kungoja kesho yake. Hata hivyo, mtu huzoea kutokwenda anapoona kwamba aliyosema mkutano uliopita hayakuandikwa, au yaliandikwa yakaishia kwenye jalada bila yeyote kurudi kumwambia yalikubaliwa au yalikataliwa na kwa sababu gani. Tunapoulizwa vipaumbele vyetu kwa ajili ya mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule wa wananchi kupanga wenyewe maendeleo ya kijiji chao, tunavitaja, bajeti inapitishwa, Julai inaingia na mwaka mpya wa fedha, na hatusikii tena lolote.

Kwa hiyo ninaomba, kabla ya kibanda chochote kuguswa, uitishwe mkutano mkuu wa kijiji siku isiyo Jumatano, baada ya saa kumi jioni, utangazwe magulio mawili mfululizo kwa kipaza sauti, na ofisa wako anayehusika na ardhi aje na mchoro wa eneo jipya ambao mtu asiyesoma ramani anaweza kuuelewa. Afadhali zaidi atupeleke huko kwa miguu, atuonyeshe kwa kidole wapi ni nafaka, wapi ni mifugo, wapi ni choo. Mkutano huo uchague wawakilishi wa kila safu watakaokaa na watumishi wako wakati wa kugawa vizimba, na muhtasari wake usomwe hadharani kwenye gulio linalofuata, ili aliyetamka jambo asikie kama ndivyo lilivyoandikwa.

Vilevile, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ninaomba nakala ya mchoro huo, nakala ya uamuzi wa kikao kilichopitisha uhamisho, na jumla ya ushuru uliokusanywa katika gulio letu kwa mwaka wa fedha uliopita. Sheria inakupa siku 30 za kunijibu, na mimi ninazihesabu kuanzia leo, ambapo barua hii imepokelewa masijala na kugongwa muhuri.

Nakala nimempelekea Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata na Mwenyekiti wa Kijiji. Nakala nyingine nimeibandika kwenye mlango wa bucha lililo karibu na lango la gulio, kwa ruhusa ya mwenyewe, mahali ambapo kila mtu hupita. Pembeni yake nimeacha nafasi ya ukubwa wa karatasi moja kwa ajili ya majibu yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuza maharage, safu ya nafaka