Vidani vya kubana na nguo zako nne

Shosti wangu,

Salamu zimefika, na picha za nguo nne pia. Umeuliza kidani kipi kiende na nguo ipi, lakini jibu halianzii kwenye kidani. Linaanzia kwenye ngozi inayobaki wazi kati ya ukingo wa chini wa kidani na ukingo wa juu wa nguo. Vaa vyote viwili, simama mbele ya kioo, pima hapo kwa vidole vyako. Vikiingia vinne au zaidi, umepatia. Kisipoingia hata kimoja, yaani kidani kimeilalia nguo yenyewe, napo ni sawa, kwa sababu jicho linaona kitu kimoja. Balaa ni kidole kimoja au viwili. Hapo hubaki ukanda mwembamba wa ngozi, na anayekutazama anahisi ama nguo imepanda ama kidani kimeteleza. Wengi hulaumu rangi, wakabadilisha vidani vitatu vinne, kumbe ugomvi ni wa hiyo nafasi tu.

(Madukani watakuambia "choka". Jina limetoka kwa Waingereza, lakini kwa kidani kinachobana koo usiku kucha, hata Kiswahili chake kinafaa.)

Sasa pima shingo. Zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya shingo bila kuikaza, uandike namba. Vidani vingi vya kubana vina urefu wa sm 35 hadi 41, na tofauti hiyo si ndogo. Tuseme shingo yako ni sm 33: cha 35 kitakaa katikati ya shingo, cha 40 kitashuka mpaka karibu na mitulinga, na zile hesabu za vidole zitabadilika zote. Shingo si bomba. Chini ni pana kuliko juu, tena imeegemea mbele, kwa hiyo kidani chenye nafasi huteremka mpaka kipate upana unaokitosha. Ndiyo maana nakuambia ununue chenye kamnyororo ka nyongeza ka sm 5 nyuma. Kikishafungwa, vidole viwili vipite chini yake, kisha meza mate na uangalie miguu yako. Kikikukaba katika hayo mawili, legeza tundu moja.

Upana nao una mambo yake. Kidani cha zaidi ya sm 2 ambacho ni kipande kimoja kigumu kitakuchoma chini ya kidevu kila ukiinama kusaini kitabu cha wageni. Cha upana huo kiwe na viungo vinavyokunjika, au kiwe cha kitambaa. Na wewe mwenye shingo ya pingili, usizifunike pingili zako kwa mkanda mpana. Kidani chembamba, kama milimita 4 au 5, kilale kwenye mfereji kati ya pingili mbili. Hakitahama, na pingili zitaonekana.

Tuje kwenye gauni la sendofu, lile la mabega wazi. Hili ndilo gauni la vidani vikubwa, kwa sababu kutoka koo hadi kitambaa una uwanja mzima. Tafuta ile picha ya Bintimfalme Diana wa Uingereza akicheza dansi na mwigizaji John Travolta Ikulu ya Marekani, Novemba 1985: gauni la mahameli ya buluu iliyokoza, mabega wazi, na shingoni safu za lulu zenye yakuti samawi kubwa katikati. Miaka mingi kabla yake Alexandra, mke wa Mfalme Edward VII wa Uingereza, alivaa safu za lulu zilizopanda mpaka karibu na kidevu. Husemwa alikuwa anaficha kovu. Tazama magauni yake ya jioni: yamekatwa chini sana, ngozi imeachwa wazi, ndipo lulu zikapata pa kupumulia. Kwa hiyo vaa ile seti yako ya Kihindi, ila hereni zake ndefu ziache nyumbani, utie vipini vidogo masikioni, na nywele uzibane juu. Hereni ndefu na kidani kipana hugongana kila ukigeuza shingo.

Seti hizo mara nyingi hazina ndoano nyuma, zina uzi na kishada, na kishikio kinachosukumwa kukaza. Hapo ndipo aibu hutokea. Uzito wa mawe huvuta mbele, jasho la shingoni hulainisha uzi, kishikio kinarudi nyuma pole pole, na baada ya saa mbili kidani kiko kifuani. Ukishakaza, piga fundo dogo nyuma ya kishikio. Kulifungua usiku ni kazi, lakini halihami.

Gauni la harusi lina shingo ya V. Kidani kinachora mstari wa kulala, V inashuka, katikati panabaki pembetatu ya ngozi, na hiyo pembetatu ndiyo pambo lenyewe. Pima kutoka kwenye kishimo cha koo hadi ncha ya V. Ikiwa chini ya sm 8, kidani kisizidi sm 1 kwa upana. Ikifika sm 12 na kuendelea, unaweza kuvaa cha sm 2 au hata 3. La kwako kwa macho naona liko kwenye 10 hivi, basi chukua chembamba. Ukitaka kidude kinachoning'inia, kiwe kimoja na kiangukie sawasawa juu ya ncha. Kikihama kidogo tu pembeni, gauni lote litaonekana limeshonwa upande. Na kitahama, kwa sababu ndoano na mnyororo wa nyuma mara nyingi ni vizito kuliko mbele, kwa hiyo kidani huzunguka. Bandika kipande kidogo cha gundi ya pande mbili, ile ya kushikia nguo mwilini, kati ya ndoano na kisogo.

La kicheni pati, lile la kitenge, silifichi: usivae kidani. Shingo yake ya boti inapita bega hadi bega ikiwa imelala, ukiongeza mkanda mwingine juu yake umejichorea ngazi. Vaa hereni kubwa, basi. Au, kama siku bado zipo, mpelekee fundi ashushe mbele kwa sm 4 au 5, kwani kitambaa cha shingoni hupunguzika ila hakiongezeki. Mkumbushe tu kwamba bitana ya shingo nayo lazima ikatwe upya. Akikunja ukingo wa zamani ndani, utavimba na kusimama.

Akiishusha, kidani bora ni cha mabaki ya kitenge hichohicho, na hakina gharama. Kata ukanda wa sm 5 kwa sm 30, ukifuata upindo wa kitenge. Ukiukata mshazari utavutika, na jioni utakuwa umelegea. Katikati ya upande wa nyuma weka ukanda wa sm 2 wa kile kitambaa kigumu cha kola za mashati, kinachobandikwa kwa pasi. Kunja pande zote mbili juu yake, zipandane kwa sm 1, ushone kwa mkono nyuma. Kila mwisho uvalishe kibano cha chuma chenye meno, upana wake sm 2 kamili. Tia tone la gundi ndani, kisha bonyeza kwa koleo bapa ukianzia katikati ndipo uende pembeni. Wanaoanzia pembeni hupata kibano kilichouma upande mmoja tu, na ukigeuza shingo mara mbili tatu kinachomoka. Mwisho ndoano na ule mnyororo wa sm 5. Nimekata 30 kwa shingo ya 33 kwa sababu vibano na ndoano vina urefu wake, na mnyororo ndio utakaomalizia.

Siku ya kuvunja kamati ni rahisi. Shati: fungua vifungo viwili vya juu, kidani kikae ndani ya kola kikigusa ngozi. Lakini kama umebadili mawazo ukavaa ile fulana nyeusi ya shingo ya duara, ukingo wake uko juu mno kwa kidani cha kawaida, utaangukia kwenye vidole viwili. Hapo toa lile duara pana la shanga za Kimaasai, lile linalosukwa kwa waya, ulilaze juu ya fulana. Hakuna ngozi katikati, hakuna ugomvi. Linataka nguo ya rangi moja tu, kwa sababu shanga zina maua yake. Mtandio nao una hesabu hiyohiyo: ukikivaa kidani juu yake, pima shingo ikiwa na kitambaa, maana cha sm 35 huenda kisifunge.

Na nguo yoyote inayofungwa kisogoni kwa kamba, kidani kisiikaribie. Kamba ndiyo kidani.

Kuhusu ule muwasho wa shingoni uliousema ukivaa vidani, mara nyingi ni nikeli iliyo kwenye vyuma vya bei rahisi, na jasho huiamsha. Kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa nyuma kutakufikisha jioni, baadaye inabanduka. Bora chuma cha pua, au fedha halisi, ile yenye alama ya 925. Mahameli haiwashi, ila inanywa jasho na poda, na ukingo wake unaweka weupe shingoni, kwa hiyo poda ikauke na manukato yakauke ndipo uvae.

Ukishajaribu, usinitumie picha za kusimama peke yake. Kaa kitini, inamisha kichwa kama unayekula, mtu akupige. Ukumbini picha nyingi hupigwa watu wakiwa mezani, na kidani kilichokaa vizuri umesimama kinaweza kupotea chote chini ya kidevu.

Ni mimi,
shoga yako