Somo, hema usilifunge: barua ya miche kwenda Wete

Michenzani, Unguja
Jumapili, baada ya alasiri

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Natumai mguu wa bi mkubwa wako umeshapoa na watoto wamesharudi skuli. Sisi huku hatujambo, ila masika yameingia kwa nguvu na ngazi za ghorofa yetu maji matupu.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema kaka yako amekuletea hema la kuoteshea miche kutoka Dubai, kama langu mie, umeshalisimamisha chumba cha uani, na kesho utaanza kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyokuja nalo. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Somo, nakuomba usisie hata mbegu moja mpaka uimalize barua hii. Karatasi ile imeandikiwa watu wa nchi za baridi. Inakwambia ufunge zipu joto lisitoke, utandike mkeka wa umeme chini ya trei, na ufunike nailoni juu. Mie niliifuata neno kwa neno, na trei yangu ya mwanzo karibu yote iliondoka.

Unakijua chumba changu cha nyuma, kile cha dirisha la barabarani. Hema langu lina sentimita 60 kila upande na urefu wa sentimita 140, nje jeusi, ndani linang'ara kama bati jipya. Nilisia tungule, nyanya kwa watu wa bara, trei ya mashimo 72, nikafunika, nikafunga. Siku ya tano zikachomoza, karibu zote. Nilifurahi hata nikampigia simu mama, bi mkubwa wangu, kule shamba Donge saa nne za usiku, naye akaamka akaomba dua. Siku ya tisa, Ijumaa asubuhi, nafungua zipu nakuta miche imelala. Sisemi imenyauka, somo, imelala. Majani bado ya kijani, lakini kijishina pale kinapotokea udongoni kimesinyaa kama uzi uliolowa. Ulikuwa ukiugusa mche unakatika. Kufika Jumapili ilibaki kumi na mmoja.

Mabwana shamba wanakiita kinyausi. Ni maradhi ya ukungu unaokaa kwenye udongo, na unachopenda ni unyevu usiokauka, joto na hewa iliyosimama. Vyote hivyo nilikuwa nimeutayarishia mwenyewe, kisha nikaufungia mlango ustarehe. Baadaye nilitia kipimajoto ndani, adhuhuri kikasoma digrii 38. Tungule huota vizuri baina ya digrii 20 na 30, na chumba chetu hiki bila ya hema lolote kimeshafika hapo. Wenzetu wa kwenye theluji wanalitaka hema liwape joto. Joto sisi tumeshapewa. Kwa hivyo kila utakachosoma juu ya mahema haya, jiulize kwanza: huyu anapigana na baridi? Ikiwa ndiyo, basi lako wewe ni kinyume chake.

Utaniuliza, hema la nini basi, si tusie uani kama walivyosia wazee wetu? Kumbuka kitalu cha baba yako, Mungu amrehemu, kule Konde. Masika ya Aprili na Mei tone moja la mvua linang'oa mche wa siku nne, na uliosalia unaliwa na konokono usiku. Kila mwaka alikuwa akisia mara mbili, mara tatu. Anayesubiri mvua ipungue ndiyo asie, miche yake inakuwa tayari kipupwe kimeshakwenda nusu. Ndani ya hema unasia mwisho wa Aprili, nje mvua inapiga bati, na Juni ikiingia una miche ya wiki tano inayongoja konde tu. Kwa mama yangu peke yake kule Donge, mwezi huo mmoja ndio tungule zake kufika sokoni mapema au kufika soko limeshajaa na bei imeanguka. Ndiyo maana nilianza jambo hili, na ndiyo maana nililia ile Ijumaa.

La pili ni inzi weupe. Ndio wanaotia rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano, na mche ulioupata ungali mdogo usiutarajie kuzaa. Matundu ya hewa ya hema yazibe kwa mtandio mwepesi, ushone mara mbili. Chandarua hakifai, tundu zake inzi mweupe anapita bila ya kuinama.

Sasa hewa, na hapa nitakaa kidogo. Nina feni mbili. Ndogo iko chini, inapuliza juu ya miche taratibu, majani yatikisike tu, yasilale. Nyengine nimeifunga kwenye tundu la juu inatoa hewa ya moto, na mlango mdogo wa chini nauacha wazi, na mtandio wake, ili hewa mpya iingie. Joto la adhuhuri likashuka mpaka digrii 31. Na lile la kutikisika lina faida yake peke yake: shina linalosukumwa na upepo linanenepa na kubaki fupi. Umeme ukikatika mie hupitisha kiganja juu ya miche kama ninayempapasa mtoto kichwa, asubuhi na jioni. Usicheke, inafanya kazi.

Chumba chako cha uani ni cha bati, kwa hivyo mchana kitakuwa tanuri. Kikikushinda, geuza usiku uwe mchana. Ndani ya hema jeusi mche haujui jua la Wete liko wapi. Unaijua taa inayoning'inia juu yake tu. Kaskazi iliyopita nilikuwa nawasha magharibi na kuzima saa tatu asubuhi, taa ikatoa moto wake saa za ubaridi, na mchana miche ikalala gizani. Iliota vizuri kabisa. Sasa hivi, kwa kuwa masika yamepoza, nawasha nikishasali alfajiri na kuzima baada ya isha. Ni kama saa 15 hivi, na ndizo unazotaka. Usiiache ikesha na kutwa ukidhani unaiharakisha. Tungule inataka kulala. Ikimulikwa bila kupumzika majani yanatoka mabaka ya manjano.

Taa yenyewe ndiyo iliyoniharibia trei ya pili. Niliining'iniza juu kabisa ya hema kwa kuogopa itaunguza. Miche ikarefuka kuifuata, mashina marefu kama kidole, meupe, yenye majani mawili tu juu, hata kusimama haiwezi. Mche mrefu mwembamba watu wanadhani umestawi, kumbe una njaa ya mwanga. Ishushe ibaki sentimita 20 juu ya majani, kisha weka mgongo wa mkono wako usawa wa majani uhesabu mpaka thelathini. Mkono ukiona moto, pandisha kidogo. Miche ikikua, taa nayo ipande. Yangu ni ya wati 40, kwa saa 15 inakula uniti 0.6 kwa siku, uniti 18 kwa mwezi. Naiweka kwenye hesabu mapema, na wewe iweke.

Ikikutokea imerefuka, usitupe tungule. Siku ya kuihamisha ifukie shina mpaka karibu na majani, maana shina la tungule likikutana na udongo linatoa mizizi. Pilipili boga usiifanyie hivyo, haina uwezo huo kama tungule.

Udongo. Wewe uko karibu na makumbi ya nazi kuliko mie, na unga wa makumbi ndio bora kwa trei hizi: unashika maji na bado unapitisha hewa. Lakini, somo, usichukue makumbi ya wale wanaofukia pwani kwa ajili ya usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Yamekunywa maji ya bahari miezi na miezi, na chumvi ile inaua mche mchanga kabla hujajua kosa ni nini. Chukua makumbi makavu ya shamba, twanga, chekecha, roweka usiku kucha, umwage, uroweke tena, mara nne. Mie maji ya mwisho huyaonja kwa ncha ya ulimi. Nachanganya sehemu mbili za unga huo na moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Kisha naupika kwa mvuke kwenye sufuria kubwa la shughuli, nusu saa tangu mvuke uanze kutoka juu, ukungu wa kinyausi ufe. Kinongo kiache kondeni. Ni udongo mzuri, lakini kwenye tundu dogo la trei unagandamana na mizizi haipiti. Kuna wanaonyunyiza unga wa mdalasini juu kuzuia kinyausi. Nilijaribu nusu ya trei, sikuona tofauti, na mdalasini nauona bora kwenye pilau.

Na maji. Hapa nakuomba unisikilize kama tulivyokuwa tukisikilizana skuli. Wewe una huruma, na miche mingi hufa kwa huruma. Ukiona juu pamekauka utataka kunyunyiza, na ukinyunyiza kila ukipita shingo ya mche haikauki hata siku moja. Fanya hivi: tia maji kwenye sinia, kimo cha unene wa kidole kimoja, weka trei ndani yake robo saa, inyonye kutoka chini, kisha itoe ichuruzike. Halafu inyanyue kwa mikono miwili uujue uzito wake. Kesho inyanyue tena. Ikiwa bado nzito, iache. Ikiwa nyepesi, irudishe kwenye sinia. Mikono yako itajifunza kwa siku tatu, na hutahitaji kuuliza mtu. Ukiona ukijani ukijani juu ya udongo, au vijidudu vyeusi vinaruka ukitikisa trei, unamwagilia kupita kiasi. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo maadamu yapo. Visima vyetu vya mjini vina uchumvichumvi, na vya kwenu vilivyo karibu na pwani sivijui vikoje, viwe vya kunywa tu.

Mbegu zijaribu kwanza: kumi kwenye kipande cha kanga kilicholowa, zikiota saba au zaidi endelea. Kina ni nusu sentimita, basi. Tungule siku tano mpaka kumi, pilipili boga kama wiki mbili, pilipili mbuzi hata wiki tatu, usiifukue kuitazama. Mche mwengine utatoka na ganda la mbegu limeganda kichwani kama kofia. Tia tone la maji, subiri mpaka jioni. Mie mche wa mwanzo niliuvua kofia kwa kucha nikang'oa majani yote mawili. Chakula hakihitajiki mpaka majani halisi yatoke, yale yenye meno baada ya mawili laini ya mwanzo. Hapo maji ya samadi, lakini yazimue mpaka yafanane na chai ya rangi nyepesi sana. Nilipotia mazito ncha za majani ziliungua.

Trei ya tatu ilisimama, alhamdulillah. Miche 64, mifupi, shina nene lenye rangi ya zambarau kidogo, majani matano matano. Na nusura niipoteze. Niliichukua moja kwa moja kutoka kwenye hema, nikapanda gari ya shamba mpaka Donge, nikaiweka juani saa sita mchana ili bi mkubwa aione. Mpaka tunamaliza kula majani yalikuwa meupe kama karatasi. Hayajawahi kuona jua, somo. Bi mkubwa hakusema neno, aliibeba trei akaiingiza chini ya mwembe, akakaa nayo. Iliyonusurika ni 41, na ndiyo iliyopandwa. Kwa hivyo wiki ya mwisho itoe uani kila siku: siku ya kwanza ipate jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, kesho yake muda wa saa mbili, unaongeza hivyo siku saba mpaka kumi, na maji unapunguza kidogo. Kupanda kondeni ni baada ya alasiri, jua likishalainika, usiku mzima uwe wake wa kupumzika.

Zile 41 bi mkubwa alizichuma wiki tatu kabla ya jirani zake. Alinipigia kutoka barazani, nasikia matenga yanaburutwa nyuma yake, akaniambia, "Mwanangu, mwaka huu sikusia mara ya pili." Nimelibeba neno hilo tangu siku ile.

Mdogo wangu anakuja Pemba Alhamisi kwa boti. Nimempa trei moja tupu, mtandio uliokwisha kushonwa wa tundu zote nne, kipimajoto changu cha zamani, na mfuko wa unga wa makumbi uliooshwa, unatosha trei moja mpaka utwange wako. Mbegu nimezifunga kwenye karatasi mbili: yenye uzi mwekundu ni tungule, yenye uzi mweupe ni pilipili boga. Taa usinunue mpaka unitumie picha ya uliyoiona dukani, nyuma yake penye maandishi.

Nisalimie bi mkubwa, mwambie namwombea. Shemeji naye, na watoto mmoja mmoja.

Ni mie somo yako,
Michenzani