Aliyempima mfungwa ni nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mtindo uliozuka redioni na magazetini wa kuwaita wafungwa saikopathi, yaani watu wasiojuta wala kuguswa na maumivu ya wenzao, kana kwamba lango la gereza la Ukonga ni cheti cha daktari.

Hali ya usaikopathi hupimwa. Kipimo kinachojulikana zaidi, cha mwanasaikolojia Robert Hare wa Canada, kina vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2, na Amerika Kaskazini anayefikisha 30 kati ya 40 ndiye huhesabiwa kuwa nayo. Mpimaji humhoji mfungwa na pia hupekua faili lake, kwa kuwa ulaghai ni sehemu ya hali yenyewe. Mapitio ya tafiti 62 yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002 yalikuta asilimia 47 ya wafungwa wa kiume wana hulka ya uhasama kwa jamii, lakini hulka hiyo hutambuliwa zaidi kwa matendo, hivyo mwizi sugu anaweza kuingia humo kwa wizi wake tu. Wasiojuta wala kuguswa na maumivu ya mwenzao ni wachache zaidi: katika magereza ya Uingereza na Wales, utafiti wa mwaka 2009 uliotumia kipimo cha Hare ulipata asilimia 7.7 ya wanaume.

Hata kipimo hicho nina shaka nacho kikiletwa hapa kama kilivyo. Kipengele kimoja kinahusu kuishi kwa migongo ya wengine, kingine kukosa malengo ya muda mrefu yanayotekelezeka. Kijana wa Manzese mwenye miaka 30, anayelala sebuleni kwa shangazi yake, leo akibeba mizigo Kariakoo na kesho akihangaikia kibarua Feri, anaweza kulimbikiziwa alama kwa ufukara wake tu, na kwa hesabu hiyo nusu ya mtaa wangu tungepata alama.

Sheria ya Bodi za Parole, yaani za kumwachia mfungwa kwa masharti kabla kifungo chake hakijaisha, tunayo tangu mwaka 1994. Mfungwa anapofikishwa mbele ya bodi, naomba tathmini ya hulka yake ifanywe na mwanasaikolojia aliyefunzwa kazi hiyo, atakayefika pia kwao kuuliza alivyoishi kabla ya kosa, na alama peke yake isimfungie mlango. Nanyi wahariri, mwandishi akileta habari yenye neno saikopathi, mwulizeni kwanza aliyempima mtu huyo ni nani.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam