Jumamosi na mrembo wa jimbo: maandalizi ya ukumbi

Habari za jioni, ndugu wazazi. Mrembo wa jimbo atazungumza dakika 10 tu kuhusu elimu ya muziki. Muda mwingi ni wa watoto kushika ala, na ndiyo maana ya ziara yenyewe.

Fidla zifike dakika 40 kabla ya ziara kuanza. Zikitoka kwenye gari lenye baridi na kuingia ukumbi wenye joto, nyuzi hulegea; ziacheni zizoee, ndipo mkaze uzi wa A hadi hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Watoto wa miaka 6 wapewe fidla ya saizi ya robo (1/4). Kubwa zaidi huwachosha mkono wa kushoto.

Maikrofoni ikae nyuma ya spika, la sivyo itapiga mluzi. Fomu za ruhusa ya picha zisainiwe mapema. Taji la mrembo limebanwa nyweleni, tafadhali msiombe alivue.